Kokoto Chini ya Reli ya Castory

Bigwa, Morogoro
Jumamosi, 18 Aprili

Dada yangu mpenzi Hosiana,

Shikamoo dada. Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, na leo ninao mwingi, maana mdogo wako ametimiza miezi sita ya ndoa na bado anaamka asubuhi akicheka peke yake. Mfikishie shemeji shikamoo yangu. Mwanao Amosi je, kile kikohozi kimemwachia? Mchemshie majani ya mpera kama mama alivyokuwa akitufanyia. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila mvua, dada. Tangu Jumatano haijakata. Milima ya Uluguru hatujaiona kwa siku nne, imejifunika wingu utadhani imehama.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza na mimi hulia. Tena Castory hupenda kukaa nami ninapoongea na ndugu zangu, ameshika mkono wangu, na jambo hili siwezi kulisema huku mkono wangu uko mkononi mwake. Josephina wa nyumba ya pili anasafiri kesho kuja huko Mahenge, ndiye atakayekuletea.

Lakini kwanza niache nikusimulie raha yangu. Dada, nimeolewa! Castory akirudi kutoka kazini, kule Mazimbu anakotengeneza umeme wa chuo, hubadilisha shati akaja kuosha vyombo pamoja nami. Gauni zangu ananipigia pasi mpaka kwenye mikunjo ya mabega. Majirani wakasema nimemlisha limbwata. Mama mkwe aliwajibu palepale bombani kwamba kama ni limbwata basi alimlisha yeye, maana alimfundisha kusugua sufuria akiwa na miaka mitano, na wao waende wakawafundishe wa kwao. Nilimpenda mama siku ile kama nimpendavyo mama yetu.

Kitu kimoja tu ndicho ninachogawana nacho mume wangu, nacho ni treni. Usicheke. Yeye na wenzake wawili wamejenga reli bustanini, na kila Jumamosi saa kumi jioni wanaiendesha. Hamza, fundi redio, ndiye aliyetengeneza injini kwa mota ya printa mbovu na bati la debe la mafuta, akaichonga pua kama ile treni mpya ya umeme tunayoiita mchongoko. Reli zenyewe ni vipande vya fremu za madirisha ya alumini. Mataruma, vile vibao vinavyolaliwa na reli, Castory aliyapasua kwa mkono, moja moja, mia nne na kitu. Mabehewa ni matano, na la mwisho limeandikwa EUFRAZIA kwa rangi nyekundu. Siku niliyolisoma jina langu nilikaa chini kwenye matope nikalia, mpaka Hamza akauliza kama bibi harusi ameumwa na siafu.

Mwenzao wa tatu ni Mzee Athanas. Huyu ni mstaafu wa reli ya kweli, alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia. Huja na kofia yake ya kazi na filimbi, na treni haiondoki mpaka apulize na kupeperusha kitambaa cha kijani. Kitambaa chenyewe ni kile cha kochi ulichonifumia wewe, nisamehe. Husema reli ni reli, iwe ya kubeba tani mia au debe la mafuta, na ishara nyekundu ni amri hata ikishikwa na mtoto mchanga. Akiwa hapo hata Castory humwita Bosi.

Sasa, dada, kumbuka nyumba yetu ilivyokaa. Ulipokuja harusini ulilalamika kwamba ukitoka mlango wa nyuma unapanda kama unaenda mbinguni. Bustani iko juu, nyumba iko chini yake, na chumba cha nyuma kabisa, kile kilichopakana na mteremko, ndimo anamolala mama mkwe. Juu ya chumba hicho marehemu baba mkwe alichimba mfereji uliokata bustani kwa upana wake, ili maji yatokayo mlimani yasishuke kwenye ukuta bali yageuke yaende korongoni. Kwenye ukingo wake akapanda majani marefu ya mabingobingo yashike udongo. Waluguru wa hapa hawajengi chini ya mteremko bila kwanza kuchimba mfereji wa namna hiyo. Mimi sikulijua hilo, na Castory aliyezaliwa humo alilisahau.

Mwezi wa kumi na mbili walitafuta pa kupitisha reli wiki mbili nzima wasipate. Injini ya Hamza haipandi. Mzee Athanas alisema treni si mbuzi. Ndipo siku moja Castory akaweka pima maji ndani ya ule mfereji, akapiga ukelele kama mtu aliyeokota dhahabu. Kiputo kilikaa katikati. Mfereji ulikuwa karibu sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mikono ya baba yake. Alinibeba akanizungusha. Wakaujaza udongo na kokoto, wakashindilia, wakalaza mataruma na reli, halafu wakafyeka mabingobingo ili watazamaji waone vizuri. Mimi niliwapikia chai na mihogo, nikawa nacheka nao.

Mama mkwe hakuwepo. Alikuwa kwao Kinole kwenye mavuno ya tangawizi, akarudi Februari. Alisimama pale juu na mzigo wake kichwani hajautua, akatazama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wameilaza reli kwenye kitanda cha maji, maji yenyewe yatalala wapi? Hamza akasema kwa heshima kuwa mwaka huu wametangaza mvua chache. Mama akamjibu kwamba hao waliotangaza hawalali chumba cha nyuma. Castory akamkumbatia, akaahidi kuchimba mfereji mwingine juu zaidi baada ya Pasaka. Mama akaingia ndani na mzigo wake.

Mvua zikaanza, na mimi nikawa na mikosi ya bustani hata nikadhani nimerogwa mkono. Matuta yangu ya mchicha yalilowa yakaoza. Nyanya zilizokuwa safu moja zikawa safu iliyopinda kama upinde. Mpapai ukaanza kuinama kuelekea nyumba, kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu. Kamba ya kuanikia nguo ikalegea nikaikaza, ikalegea tena nikaikaza tena. Nguzo ya juu ilikuwa inaisogelea ya chini. Mashuka yetu ya harusi yaliburuzika kwenye matope nikayafua mara tatu kwa siku moja. Mlango wa jikoni ukagoma kufunga. Castory akauranda, ukafunga, baada ya wiki ukagoma tena. Nilimwambia nyumba yetu imelewa mapenzi. Alicheka sana. Dada, nilisema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Halafu treni ikaanza kuacha njia. Mara zote mahali pamoja, kwenye kona ya mpera, juu kabisa ya chumba cha mama. Mzee Athanas alisema ni magurudumu ya Hamza. Hamza akasema magurudumu hayana kosa, labda macho ya Bosi yameshastaafu kama mwenyewe. Mzee akavua kofia, akaiweka kwapani, akaondoka bila kunywa chai, na Jumamosi mbili hakuja. Castory wangu akanyong'onyea. Alikuwa anakaa kule juu peke yake na mwavuli, akiipitisha injini kwa mkono, inaanguka, anaiokota. Usiku mmoja aliacha ugali na mlenda bila kuugusa. Nani ataweza kuvumilia kumwona mume wa miezi minne anaacha chakula?

Kisha treni ikaacha kuanguka. Jumamosi ya kwanza ya Machi ilikwenda na kurudi mara kumi na mbili bila kuyumba. Mzee Athanas alirudishwa kwa kubembelezwa, akapiga magoti kwa shida, akaweka jicho usawa wa reli, akatangaza kwamba njia imetulia. Alisema katika miaka yake yote ya genge amejifunza kwamba reli haidanganyi. Ardhi ikisogea hata unene wa ukucha, reli itasema. Castory alimwita mama yake aje aone. Akamwambia, mama, kama mlima ungekuwa unasogea treni hii ingekuwa ya kwanza kutuambia, basi lala kwa amani. Ule mfereji mpya akausogeza mpaka kiangazi. Mama alinitazama mimi, hakumtazama yeye, akasema haya, kama reli imesema.

Dada yangu, reli haikusema. Niliyesema ni mimi.

Kila asubuhi nikifagia uwanja, Castory akiwa ameshatoka, nilikuwa napanda mpaka kona ya mpera. Mara ya kwanza niliona reli ya upande wa nyumba imezama kidogo, nikaiinua kwa kidole, nikasukuma kokoto moja chini ya taruma. Nilifurahi kama nimemfungia kifungo cha shati. Sikumwambia, nilitaka adhani ni kazi ya mikono yake. Kesho yake ikawa imezama tena, nikaongeza. Kokoto zikawa hazitoshi, nikatumia vipande vya vigae. Baadaye nusu tofali. Niliazima pima maji yake sandukuni na kuirudisha kabla hajafika, nami nikawa hodari kuliko wao wote. Kiputo kilikaa katikati kila siku.

Na si hilo tu. Baada ya Pasaka nilikuta ufa ardhini, kutoka kwenye mpera hadi pembe ya chumba cha mama, ungeweza kupitisha kiganja. Niliujaza majivu ya jikoni, nikafagia juu yake.

Nilijua, dada. Tangu siku ya ufa nilijua. Lakini kila nilipofungua kinywa nilimwona anavyonitazama, nikafikiri akijua nimemdanganya mwezi mzima hatanitazama hivyo tena. Nikajiambia kesho. Na mama analala mle kila siku, na mwisho wa mwezi huu wewe ulikuwa uje na watoto, na chumba cha wageni ni kilekile cha mama.

Leo asubuhi nimeweka tofali zima. Nilipomaliza kufua soksi nikarudi kuangalia, nalo lilikuwa limezama. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nilitaka uniambie la kufanya, lakini nimefika hapa kwenye karatasi nikaona barua itakufikia Jumatatu, na mvua haisubiri Jumatatu. Naiweka kalamu kidogo.

Nimerudi. Uniwie radhi kwa mwandiko, mikono ina matope.

Nimekwenda kwenye kona nikatoa yote, matofali, vigae na kokoto. Nilitegemea reli ianguke. Haikuanguka, dada. Ilibaki inaning'inia hewani, na chini yake ni shimo; nilisikia maji yanapita humo ndani, yakielekea chini ya nyumba. Nikakimbia chumba cha nyuma. Mama alikuwa kitandani anachambua maharage, amevaa koti na viatu. Nikapiga magoti nikamweleza yote, huku nalia, kuanzia kokoto ya kwanza.

Hakushtuka. Aliniambia kwamba dirisha lake linatazama mpera, na kila asubuhi alikuwa ananiona nikiinua ile reli. Alisema yeye alishasema neno lake mara moja, na mama mkwe akisema mara ya pili juu ya bibi harusi huwa anavunja nyumba kabla mlima haujaivunja. Basi alikuwa anangoja aone nani atamwambia Castory kwanza, mimi au mlima. Tangu Jumatano analala na viatu miguuni. Sanduku lake la nguo lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni.

Sasa amekaa hapa sebuleni kwenye kochi, na maharage yake mapajani. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayelala nyumba hii leo, tutakwenda kwa Regina, dada yake Castory, kule Mafiga. Usije na watoto, dada, mpaka nikuandikie tena, na ukiweza usimwambie baba chochote kwa sasa. Kama nitarudishwa nyumbani nataka nimweleze mwenyewe.

Imekaribia saa kumi. Nasikia Hamza na Mzee Athanas wanabishana getini, na sauti ya Castory inacheka katikati yao. Hajui chochote. Ametoka kuninunulia ndizi, kama kila Jumamosi. Nimevua kanga yangu nyekundu, ile ya send-off, nakwenda kusimama nayo relini kwenye kona. Hawa ni watu wa reli. Wakiona nyekundu watasimama, na wakisimama nitamwonyesha Castory shimo kabla sijamwonyesha uso wangu.

Niombee, dada. Wasalimie wote wa nyumbani, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama mkwe anakusalimu pia. Anasema nifunge barua, filimbi imelia.

Mdogo wako akupendaye,
Eufrazia