Kamba za Vipandikizi

Baba,

Gari la kwenda mjini Mthatha linaondoka saa moja asubuhi, nami nimesharudi kwenye chumba cha vipandikizi mara tatu kuviangalia.

Mahindi na maharage yako sufuriani. Mama asiongezewe chumvi. Vile vipandikizi vinne vya bangi vipe kikombe kimoja cha maji kila kimoja, kesho jioni tu.

Kamba usizifungue tena. Jana asubuhi uliniuliza, “Mbona bangi ya babu yako ilisimama yenyewe mlimani? Hii imekuibia kuku mpaka uifunge?” Si adhabu, Baba. Tawi likilazwa, machipukizi ya chini nayo hupata mwanga. Ulipolifungua na kuliinua ghafla, likapasuka. Nimelizungushia utepe, majani bado hayajalegea.

Mvua ya mawe imeshaua mmea mama. Ni mafuta ya mmea ule tu yaliyotuliza vidole vya Mama hata akaweza kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe, na hivi vinne ndivyo uzao wake wote.

~~Usiingie chumbani kabisa. Shangazi atamwagilia.~~

Hapana, Shangazi humwagilia kama anayeosha gari. Ingia wewe.

Jambo jingine. Kipandikizi cha tano, kile nilichosema mbele ya Mama kwamba umekiua kwa kukifunua mfuko wake, nimekichimbua sasa hivi. Mizizi imeoza kwa maji mengi, na wiki ile yote mwenye kumwagilia nilikuwa mimi. Sikuwa na ujasiri wa kukuamsha nikwambie.

Msomee Mama kipande hiki kwa sauti.

Binti yako mkubwa,
Nozibele