Bandama ya Mama

Jumatatu, 14 Julai
Uji, vijiko vinne, kimoja kimerudi. Nimembadilisha Mama kanga, nikampaka mafuta ubavu wa kushoto, juu ya chale. Safu tatu. Kule Nyangamara, kijijini kwetu, kila alipolalamika tumbo aliambiwa ni bandama imevimba kwa malaria, akachanjwa. Nami, mwenye shahada, nilimwambia kwa simu avumilie. Kumbe saratani ya tumbo. Namshukuru nesi wa zahanati aliyekataa kumpa tena dawa za malaria, akamwandikia rufaa ya kuja hospitali hii.

Jumatano, 16 Julai
Daktari bingwa ataondoa sehemu kubwa ya tumbo na tezi za jirani. Bandama ataiacha. Mama mkubwa Somoe, dada yake Mama, alicheka kwa hasira: "Mmemshika mwizi, halafu mnamwachia funguo!" Nilikuwa upande wake. Nimesoma kwamba zamani bandama iliondolewa pamoja na tumbo, ili tezi zinazoizunguka zisibaki na ugonjwa. Kuondoa zaidi, nikahitimisha, ni kupona zaidi.

Alhamisi, 17 Julai
Nilikataa kutia saini fomu ya upasuaji. Naliandika ili nisije nikalisahau.
Daktari hakukasirika. Alichora: uvimbe uko sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, mbali na bandama. Ungeigusa, angeiondoa. Lakini bandama huukinga mwili na maambukizi. Kuitoa bila sababu huongeza madhara baada ya upasuaji, wala haijaonekana kurefusha maisha.
Mama, niliyedhani amelala, akasema: "Mwanangu, tumbo ni langu. Kilicho kizima niachieni."
Nimetia saini. Sijui kama nilishawishika au nilitii tu.

Ijumaa, 18 Julai
Ameingia chumba cha upasuaji saa tatu. Saa nane, bado. Mama mkubwa na tasbihi yake, amenipa mgongo tangu nilipotia saini. Nimekwisha kukosea mara moja. Hii ikiwa ya pili?
Saa tisa na nusu. Uvimbe wote ulioonekana umetolewa. Bandama ipo. Alhamdulillahi. Nimelia mbele za watu, bila haya.

Jumanne, 29 Julai
Majibu ya maabara bado. Huenda dawa za saratani zitafuata. Sithubutu kuhitimisha lolote. Lakini Mama ameketi mwenyewe, na kwa hilo peke yake shukrani yangu haitoshi.
Mama mkubwa alikuwa akimkanda miguu. Akaniuliza, bila kunitazama, bandama ya mtu mzima ina ukubwa gani. Nikamwonyesha ngumi yangu. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka mapajani pake, akaendelea kumpa dada yake habari za mikorosho.