Monto Shingoni

Jumatatu, 8 Juni 1981

Maziwa ya ngamia yamefika mapema. Nimepeleka sokoni, nimeuza yote, nimerudi. Rukia yuko jikoni, lakini ni kama hakuna mtu.

Si kawaida. Mjukuu wangu huyu hanyamazi. Yuko darasa la saba. Mwalimu wao wa Kiingereza huwapa maneno yenye mkia, kila moja walitungie sentensi ya mambo ya nyumbani. Rukia alikuwa akinisomea nikipika anjera. "Luk" ni kutazama. Tia "afta", sasa unatunza. Tia "fo", sasa unatafuta. "Giv" ni kupa, lakini ukisema "giv ap" hakuna aliyepewa kitu, mtu amekata tamaa tu. Nikamwambia Wazungu ni wachoyo hata kwa maneno. Alicheka mpaka akamwaga unga.

Hata kuandika alinifundisha yeye, kwa makaa, kwenye mlango wa jikoni. Mimi sikukanyaga shule.

Sasa haongei. Wameletewa monto. Kipande cha mbao kina kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au lugha ya kwenu, unavishwa shingoni. Unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako akikosea, umvishe yeye. Ukilala nacho, asubuhi unachapwa mbele ya shule nzima. Kwa hivyo watoto wanaviziana mpaka majumbani. Rukia alichapwa wiki jana. Miguu yake nimeiona.

Nikimsalimu anaitika kwa kichwa. Mimi, nyanya yake. Sina wa kumwambia, naandika.

Jumatano, 10 Juni

Yusuf amekuja na lori kutoka Nairobi. Mwanangu, baba yake Rukia. Hatujamwona tangu mwaka jana. Amenenepa. Nikafurahi, nikachinja kuku.

Baada ya kula akasema anamtaka Rukia. Mke wake mpya amejifungua mapacha, hana msaidizi. Nikauliza shule je. Akasema atasoma baadaye.

Baadaye gani? Mtihani ni mwaka huu.

Mama yake Rukia alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Yusuf alilia, akapanda lori, akaenda. Nani alimpa mtoto maziwa kwa kijiko? Nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali akiwa na surua? Na sasa ni wake, kwa sababu amefika umri wa kubeba watoto wa mwingine.

Nilimwambia hayo yote. Akasema, Hooyo, mama yangu, mimi ndiye baba. Ameita kikao Ijumaa. Atakiongoza Mzee Warsame, kaka ya marehemu mume wangu.

Alhamisi, 11 Juni

Hasira tupu. Nimemfokea mteja aliyeonja maziwa akakunja uso. Ni mteja mzuri. Kesho nitamwomba radhi. Labda.

Ijumaa, 12 Juni

Wamekaa baada ya swala. Yusuf akasema yake, mimi nikasema yangu kwa sauti kubwa. Mzee Warsame ni mtu wa haki, akasema mtoto mwenyewe aulizwe. Nikashukuru Mungu. Nilijua jibu.

Akamwuliza, Rukia, utaenda na baba yako? Rukia akatazama uani. Kimya. Akamwuliza tena. Kimya. Mara ya tatu machozi yakatoka, mdomo haukufunguka.

Kwetu msichana akiulizwa mbele ya wazee akanyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyoozwa sisi wote, hata mimi. Mzee akasema basi, ameridhia, aondoke Jumatatu. Wakaomba dua. Mimi sikuinua mikono.

Walipoondoka nikatazama huko uani alikotazama. Kinya, binti wa jirani, darasa moja na Rukia, amesimama kwenye ua wa miti. Monto imetuna ndani ya sweta lake.

Basi nikaelewa. Akijibu Kisomali au Kiswahili, Kinya anamvisha. Akijibu Kiingereza, ni kumtukana Mzee usoni, maana hakijui. Mtoto akafungwa pande zote mbili. Akaniambia kwa mnong'ono, akilia, "Ayeyo, nyanya, nilifikiri wataniuliza tena Kinya akienda."

Nilitaka kumchapa huyo Kinya. Nikamwita. Akaja. Kumbe analala na monto tangu Jumatatu, anachapwa kila asubuhi, hakuna anayekosea. Nimempa chai na anjera. Nimeivua hiyo mbao shingoni mwake nikaivaa mimi.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekwenda shuleni na monto shingoni. Nimepita nayo katikati ya soko. Wanawake wa maziwa wakaniuliza, mama, umeingia darasa la ngapi? Nikawaambia la watukutu. Nimewasalimu wote, Kisomali, Kiborana, Kimeru changu kibovu. Nani atanichapa?

Darasa la saba husoma Jumamosi. Mwalimu ni kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Nilimweleza monto yake ilichofanya kwenye kikao. Akasema monto ni ya shuleni, yeye hakuituma nyumbani kwangu. Nikamwuliza, basi imekuja na miguu? Akasema bila Kiingereza hawataingia sekondari. Hapo nikakubali, kwa sababu ni kweli, na ndiyo maana nataka Rukia asome. Lakini nikamwambia mtoto wangu amehukumiwa jana kwa sababu mdomo wake umefungwa huku kwako. Akatazama chini. Alikuwa na haya. Haya yake haimrudishi Rukia.

Nikaondoka. Monto sikumwachia.

Jumapili, 14 Juni

Nimemleta Mzee Warsame tena. Hakutaka. Alisema, shemeji, neno limekwisha, na hicho shingoni ni nini? Nikamweleza yote, mbele ya Yusuf. Mzee akanyoosha mkono akaishika ile mbao, akaigeuza. Akamwita Rukia.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Sema kwa lugha unayoitaka. Kama ni kosa, liko shingoni mwangu."

Akaanza kwa Kiingereza. Nafikiri ndiyo maneno aliyoyapanga moyoni tangu Ijumaa, kwa yale yale yenye mkia. Sauti ndogo. "Mai granmatha brot mi ap." Na mengine.

Mzee akauliza amesema nini. Hapo hakuna anayejua Kiingereza ila Yusuf, cha barabarani. Kila mtu akamtazama. Akakohoa. Akatazama viatu vyake. Mzee akangoja.

"Anasema nyanya yake ndiye aliyemlea."

Mzee akauliza, na lingine?

"Anasema... baba yake hutokea tu."

Mzee akamwambia endelea. Yusuf akapangusa uso. Akasema mtoto hataki kukata tamaa ya shule.  Halafu Rukia mwenyewe akageukia Kisomali, akamwambia baba yake wazi, sitaki kwenda.

Mzee akasema ile ridhaa ya Ijumaa haikuwa ridhaa. Akasema mapacha watafutiwe yaya hukohuko Nairobi. Akaomba chai.

Nilitaka kumcheka Yusuf. Sikuweza. Alikuwa amekaa kama siku ile ya mazishi ya mkewe.

Jumatatu, 15 Juni

Nimemrudishia mwalimu monto yake. Aliitia kwenye droo. Sijui kama itakaa humo. Nimemwambia nitapita tena, na mimi napita.

Yusuf ameondoka saa nne. Nilimjazia mkebe wa nyirinyiri, nyama nzuri, niliikaanga kwa samli. Ni ya mkewe. Aliyejifungua wawili anahitaji nyama, hana kosa na mimi. Aliula mkate wake amesimama, akasema lori limejaa mbuzi, wanaumia na jua.

Akawasha injini. Akaizima. Rukia alikuwa amekuja mapumziko ya chai, amesimama mlangoni na kikombe. Yusuf akamwuliza amletee nini akirudi.

Rukia akafikiri sana. Mbuzi wanapiga kelele. Baba yake akaweka kiwiko dirishani, akangoja ajibu mwenyewe.