Mtambo Unasema, Hausikii

Jumatatu, 10 Novemba. Kasese

Tangu asubuhi natengeneza simu za vioo vilivyopasuka. Printa ya parokia imetafuna karatasi tena. Mchana Afande Mbusa amepiga kutoka Bwera. Kapteni mstaafu, mwenye kituo kidogo cha redio. Alimjua Baba kambini, kwa hiyo mimi kwake bado ni mtoto wa sajini. Radi imepiga kilimani, redio kimya. "Kuja kesho. Mapema." Akakata. Hakuuliza kama nina kazi nyingine.

Jumanne, 11 Novemba. Bwera

Boda imenishusha chini ya kilima, njia ni matope matupu. Nimepanda kwa miguu na begi la vifaa. Afande alikuwa ameshafika, anatazama saa.

Antena nimepima, nzima. Mtambo wa kurushia matangazo unapata umeme, lakini kioo chake cha mbele kimeungua, vitufe vimekufa. Fundi aliyeufunga aliondoka na kitabu cha maelezo, na simu yake haipatikani. Umebaki mlango mmoja tu wa kuongea nao: tundu la pini tisa mgongoni, la kizamani. Laptopu yangu haina tundu kama hilo. Nina kebo ya kugeuza, ya USB.

Nimefungua dirisha la amri. Laptopu imeuona waya, halafu ikaninyima ruhusa ya kuutumia. Laptopu yangu mwenyewe! Nimejiongeza kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa, nikatoka, nikaingia upya. Sawa. Mtambo ukaanza kuandika. Takataka. Nyota, mikwaju, alama za kuuliza, skrini nzima.

Afande ameinama juu ya bega langu. "Hiyo ni Kichina?"

Si Kichina. Ni kasi. Mtambo unatuma kwa kasi moja, mimi napokea kwa nyingine. Nimechoka kueleza. Nalala kwa Mama Kyakimwa, mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo hapo kituoni.

Jumatano, 12 Novemba

Nimebadilisha kasi, moja baada ya nyingine. Takataka, takataka, kimya, takataka. Halafu ghafla maneno. Yanasomeka! Mtambo unasema umejifunga wenyewe kwa sababu ya radi na unangoja amri ya kufunguliwa. Kila baada ya muda unarudia yaleyale, kama mlevi.

Basi nikaandika amri. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nimebonyeza kibodi yote. Unaendelea kurudia kwamba unangoja amri.

Afande: "Iko inasema?"

"Inasema, afande. Haisikii."

"Basi sema kwa nguvu!"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo. Ingekuwa mtu mwingine ningemtukana.

Nje nimemkuta mwanamke amekaa kwenye benchi, kitenge kichwani. Anaitwa Masika. Mama yake amefariki Jumapili. Kitinda mimba wao, Kule, analima ng'ambo ya mpaka, mbali kupita Kasindi, ambako simu haishiki. Walimtuma mtu wa pikipiki, barabara imekatika, akarudi. Mazishi yalipangwa leo, wameyasogeza.

"Redio yenu ndiyo anasikiliza kila magharibi," akasema. "Mutu hawezi kuzikiwa mama bila kujua. Muko munatengeneza?"

Nikamwambia tunatengeneza. Nimerudi ndani nikakata kebo, nikabadilisha waya wa kutuma, nikachomelea upya. Sasa hata kusema hausemi. Nikarudisha waya ulivyokuwa. Unasema. Hausikii.

Siku nzima imekwenda hivyo. Nauchukia mtambo huu. Namchukia aliyeutengeneza.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi Masika amekuja tena. Wazee wameamua: kesho saa nane, hakuna kungoja zaidi. Hakulaumu. Heri angelaumu.

Afande amepiga simu huku na huku akitafuta fundi wa Kampala, kwa sauti, ili nisikie. Mama Kyakimwa amekaa, tangazo mkononi, limekunjwa na kukunjuliwa mpaka limelegea.

Nilikuwa karibu kufunga begi. Nikafungua mipangilio ya programu ninayoandikia amri, kwa kukosa la kufanya, nikasoma mstari kwa mstari. Nikaona. Programu ilikuwa inangoja mtambo uinue waya fulani kuonyesha uko tayari kupokea. Mtambo huu hauutumii waya huo. Kwa hiyo hakuna nilichoandika kilichotoka. Hata herufi moja. Jana kutwa nilikuwa nikiipigia kelele laptopu yangu mwenyewe.

Nikazima kipengele hicho. Nikabonyeza Enter. Mtambo ukajibu.

Nimecheka vibaya, kama mwendawazimu. Nikaandika amri ya kufungua. Feni ikaanza kuvuma. Afande akawasha redio yake ya mfukoni, ikakwaruza, ukaja wimbo wa kwaya. Akaniangalia. "Sasa jana ulikuwa unafanya nini?"

Nikakunja kebo.

Magharibi Mama Kyakimwa amesoma tangazo kwa Lhukonzo, kisha kwa Kiswahili, kisha tena. Jina la marehemu, jina la Kule, kesho saa nane. Masika alisikiliza amesimama. Hatujui kama Kule amesikia. Redio haijibu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilitakiwa kurudi Kasese asubuhi. Nimebaki. Nimeenda mazishini, nikasimama nyuma na Mama Kyakimwa.

Saa nane ikapita. Masika alikuwa anatazama barabara. Mvua ikatanda upande wa mlima, mchungaji akaanza. Jeneza likashushwa. Walikuwa wameshashika majembe ndipo pikipiki ikaingia uani. Ni Kule, kijana wa gumbuti, matope mpaka mapajani. Redio ilivyokuwa kimya, yeye alikuwa ameacha kuiwasha; jirani yake ndiye aliyesikia tangazo, akaenda kumwamsha usiku.

Akaomba wamfungulie jeneza. Wazee wakakataa, mvua imeanza. Ametupa udongo wake. Uso wa mama yake hakuuona.

Ningeisoma mipangilio ile Jumatano, angeuona. Ndivyo ilivyo.

Baadaye tukapewa chakula chini ya turubai. Kule amekuja na sahani yake, akaniomba nisogee kidogo. Nikasogea. Masika alituona, hakumwambia mimi ni nani. Afadhali. Akakaa, akala haraka haraka, kama mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Nikampa maji yangu.