Baba na Ngazi za Kwetu

Nyumbani, ghorofa ya nne,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Huku hatujambo, isipokuwa Baba, na sina namna ya kulizungusha jambo hili.

Moyo wake umechoka. Mwezi uliopita daktari alimwambia anaweza kupanda ngazi zetu, ila taratibu, apumzike kila ghorofa. Lakini wewe unamjua. Mtu aliyebeba magunia ghalani miaka yote hadi wenzake wakamwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, umwambie asimame kwenye ngazi akihema mbele ya majirani?

Nikajitia ualimu, kama kawaida yangu. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa fizikia: upande mbio, upande polepole, kazi ya kuuinua mwili ni ileile. Tofauti ni kwamba anayekimbia anaulazimisha moyo utoe nishati hiyo yote kwa muda mfupi, na wake hauwezi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Si umesema kazi ni ileile, mwanangu? Basi bora niimalize mapema nikakae."

Nilirudia somo. Akaniambia nisimpigie kelele. Nilikasirika, nikaenda zangu jikoni.

Juzi alirudi kutoka dukani na mfuko wa unga begani, akiruka ngazi mbilimbili. Mama alimsikia anakuja, kisha hakusikia kitu. Tulimkuta amekaa karibu na mlango wetu, jasho linamtiririka, hawezi kusema.

Wapagazi wenzake wa zamani ndio waliomshusha. Walimkalisha kwenye kiti cha jikoni, wakawa wanapumzika kila ghorofa. Hakuwahimiza hata mara moja. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa amelazwa. Hata kugeuka kitandani kunamchosha, na daktari hatuahidi kitu. Baba alinikataza nisikuandikie habari hizi, eti utaacha kazi. Nimemkaidi. Naogopa, mdogo wangu. Usingoje likizo.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, anauliza kama umeshajua kupika au bado unaunguza sufuria za watu. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Jana Baba alianza kukutumia salamu, pumzi ikamkatikia katikati. Nikamsihi anyamaze. Njoo akumalizie salamu hizo mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye siku zote.