Kamera ya Kaka Godi

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na mtaa wetu wa Kariakoo ni tope tupu. Nimerudi kanisani viatu mkononi. Roho haijatulia, basi naandika.

Niseme wazi: nimedanganya wiki tatu.

Kaka yangu Godi, anayeishi Uingereza, alitutumia kamera ya kompyuta, kidude chenye umbo la yai. Mkewe amejifungua mtoto wa pili, na wameamua kwamba mimi ndiye niende kuwalelea watoto. Kabla ya kuanza mambo ya viza, wifi anataka anione kwanza, na watoto waizoee sura yangu. Na kwa kuwa nyumba nzima anayejua kompyuta ni mimi, kazi ya kuiunganisha hiyo kamera nikapewa mimi.

Kompyuta iko dukani, kwenye kona yangu, katikati ya ndoo na mabeseni ya Baba. Hapo nachapa barua za watu na kadi za harusi. Wateja wananiita dada wa kadi. Ina Windows ya kale, haiitambui kamera. Hilo ni kweli. Uongo ni pale niliposema hakuna dawa.

Dawa ilikuwepo: kuweka Windows mpya. Kazi ya saa moja na ushei.

Watu wa Bongo wanauza mpaka kitanda wapate viza. Mimi inanifuata mlangoni, nami najificha uvunguni! Nikisema sitaki, wataniona nimerogwa. Mama ameshawatangazia kina mama wote wa jumuiya. Rafiki zangu wananiagiza viatu. Nimwambie nani kwamba naipenda kona yangu?

Leo baada ya ibada Baba kaniita dukani, tukafungua mlango nusu. Mkononi ana CD. Jana alikwenda mwenyewe kwa fundi mtaa wa pili, akanyeshewa, na wala hakusema kitu mpaka leo. "Fundi kasema hii inamaliza kila kitu," akaniambia, meno yote nje.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaiweka. Kompyuta ikakoroma weee, kisha ikadai namba ya siri, herufi na tarakimu ishirini na tano ambazo fundi aliziandika kwa kalamu juu ya kasha la CD. Baba akavaa miwani, akaanza kunisomea kwa sauti ya darasani: "M kama Moshi. Saba. T kama Tanga. B kama Bukoba."

Kwenye B nikabonyeza nane.

Ikakataa. Tukarudia. Nikabonyeza nane tena.

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akalisogeza kasha hadi puani. "Samahani mwanangu, ni macho yangu haya. Babu yako naye yalimwanza hivihivi."

Babu alikufa haoni.

Akasema kesho hafungui duka, anaenda hospitali akapimwe. Alisema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Jamani, mimi ni mtu gani?

Mara ya tatu nikaandika B.

Ikapita. Baba akapiga makofi peke yake. "Umeona? Safari hii nimesoma vizuri. Nilijua tu, wewe huwezi kukosea."

Kamera imewaka taa ya kijani. Nikajiona kwenye skrini, na nyuma yangu Baba anajiweka sawa kola, anacheka. Kesho saa kumi jioni Godi atapiga, na wifi atakuwepo. Baba amepanda juu kula. Mimi nimesema sina njaa.

Wiki tatu nimemlaumu Godi, nimemlaumu wifi, nimemlaumu Mama na mdomo wake. Nimejiona mfungwa kabisa. Lakini kuna jambo nimelikumbuka sasa hivi, linaniuma kuliko yote.

Baba hajawahi kuniambia lazima niende. Siku kifurushi kilipofika alinivuta pembeni, karibu na mabeseni, akaniuliza: "Na wewe mwenyewe, unataka?"

Nikamjibu kwamba kompyuta imezeeka.

Namsikia anashuka ngazi. Je, nikimjibu sasa, nitakuwa nimechelewa?