Mbegu Saba na Sahani ya Futari

Jumanne, kumi la pili la Ramadhani. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimefuturu kwa maji na tende moja. Kisha nimekaa kuandika haya.

Bi Mize, jirani yetu, nusura afe leo. Na dawa iliyomwangusha imetoka nyumbani kwetu.

Saa nne asubuhi binti yake alinijia mbio kituo cha afya, mimi niko dirishani nagawa dawa. Tulimkuta Bi Mize chini jikoni, jasho linamchuruzika, ananitazama hanijui. Mimi aliyenilea! Nilipompima sukari nilidhani kipimo kimeharibika, kwa jinsi ilivyoshuka. Bi Mize hana kisukari. Tukamtundikia dripu ya glukosi, gari ikamkimbiza hospitali, Wete.

Nikamuuliza binti yake mama alikula nini daku. Uji, akasema, na kile kidonge cha Bi Time.

Bi Time ni mama yangu mzazi.

Mama ndiye mwenye sukari, na daktari amemkataza kufunga. Lakini kila jioni ya Ramadhani hupeleka sahani ya futari kwa Bi Mize, na Bi Mize huleta yake, tangu mimi sijazaliwa. Kumbe siku tatu hizi, pembeni ya muhogo na samaki, mama aliweka kikaratasi chenye vidonge vyake viwili. Kimoja cha futari, kimoja cha daku. Bi Mize alilalamika ganzi ya miguu, na mama naye ugonjwa ulimwanza hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimpandishia mama sauti, Mungu anisamehe, tena mwezi huu. Aliningoja nimalize.

"Mwanangu, nile dawa peke yangu na mwenzangu anaumwa? Si weye ulotwambia?"

Mimi!

Ndiyo, mimi. Kila alasiri wanawake huja barazani kwetu kusuka ukili wa mikeka, na mimi huwatambia hadithi. Dirishani nikiwaambia wamalize dozi, huitikia kwa adabu tu kisha wakafanya yao. Basi nikatunga hadithi ya binti Sultani aliyepewa mbegu saba na bibi mwenye mti wa ajabu: moja jioni, moja alfajiri, asiache hata moja. Akazimaliza, akapona. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na utamu wa maneno! Nikaongeza kwamba alirudi kwenye ule mti, akawachumia majirani wote, na mji mzima ukapona.

Walipiga vigelegele. Nami nikaja kujisifu humu humu kwenye blogu, nikijiona fundi.

Sikuwaambia kwamba mbegu ya mtu mmoja inaweza kumuua mwingine. Halikunipitia hata akilini.

Alasiri wamenipigia simu kutoka hospitali. Bi Mize ameamka, anawatambua wanawe, alhamdulillahi. La kwanza alilosema ni kwamba mama asigombwe. Nililia kama mtoto.

Kisha nikamuuliza mama nani mwingine amempa. Akanitajia wawili. Nikatoka na mvua ile ile. Wa kwanza alinirudishia vidonge vyote. Wa pili, Bi Hadia, alikishika kile kifundo cha kanga alimovifunga.

"Sikupi. Miguu yangu ishapata nafuu. Au ile hadithi yako ya uwongo?"

Nimembembeleza hadi karibu na adhana ya magharibi. Nimemweleza yaliyomkuta Bi Mize, nimemwapia kwamba kesho asubuhi nitampima mwenyewe. Mwisho akafungua kifundo, akanipa kidonge kimoja. Amesema ndicho kilichobaki. Binti yake ameniahidi atakesha naye, na uji wa sukari uko tayari jikoni.

Kesho alasiri watakuja barazani na ukili wao. Nitasema "Paukwa", nao wataitikia "Pakawa", wakiningoja. Nitaanzaje kuwaambia kwamba aliyekosea ni mimi, na papo hapo niwaombe waniamini?